Mwaka wa kahawa na maporomoko: jibu langu kutoka Mbale

Ndugu uliyeuliza kutoka Mwanza, salamu kwako na kwa wote waliochangia. Umeuliza mambo mawili: mwaka huu wa 2024 umetuendeaje sisi wa Uganda, na kwa nini watu wa Mlima Elgon hawahami wakati mlima unawafukia kila baada ya miaka michache. Ulisema ulipoona picha za Bulambuli, wilaya ya mlimani iliyofukiwa Novemba, ulijiuliza kama ni ukaidi au ni kutojali maisha. Wenzangu wa Kampala wamekwisha kukujibu mambo ya mafuta, kodi na siasa. Mimi naishi Mbale, mji ulio chini ya mlima huo. Nina stoo ndogo ya kahawa, nanunua kwa wakulima wa Sironko na Bulambuli na kuwauzia wenye vinu vya kukoboa. Siwezi kujibu swali lako la kwanza bila la pili, kwa sababu huku kwetu mwaka huu kahawa ilipanda bei kuliko wakati wowote ninaoukumbuka, na udongo uleule unaoizaa ndio ulioshuka na watu.

Wakati wa korona nilikuwa nanunua kilo ya arabika, aina ya kahawa tunayolima mlimani, iliyomenywa, ikaoshwa na kukaushwa, ile ambayo bado ina ganda lake la ndani, kwa shilingi elfu tano au sita za Uganda. Mwaka huu ilipita elfu kumi. Sababu haikutoka kwetu. Ukame uliipiga Brazili, ukaipiga na Vietnam, na hizo ndizo nchi mbili zinazoongoza duniani kwa kahawa. Vietnam ikipungukiwa robusta, ile aina nyingine ya kahawa, wanunuzi wanaikimbilia ya Masaka na Luweero, na arabika yetu nayo inavutwa juu. Tarehe 10 Desemba soko la New York lilivuka rekodi iliyowekwa mwaka 1977, zaidi ya dola 3 kwa ratili. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni, Uganda iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 na kupata zaidi ya dola bilioni 1.

Mlimani habari hizo zinafika kwa simu. Saa moja asubuhi mkulima wa Buluganya ameshajua bei ya Mbale, ya Sironko, na ya mnunuzi anayevusha kwenda Kenya kupitia Lwakhakha. Haniulizi tena "mama, unatoa ngapi?" Ananiambia yeye anataka ngapi. Hilo lilinifurahisha kwa moyo wote, hata kama faida yangu ilipungua. Kwa miaka mingi mkulima amekuwa wa mwisho kujua thamani ya jasho lake.

Kwa wasioijua kazi hii: gunia likishushwa kutoka mgongoni mwa punda au kwenye bodaboda, kabla ya mizani naingiza mkono hadi kiwiko, maana wapo wanaoweka kavu juu na mbichi chini. Nachota punje kutoka katikati, nazisugua viganjani ganda litoke, kisha nauma moja. Iliyokauka vizuri inalia chini ya jino. Isiyokauka inaacha alama. Kipimo cha umeme cha unyevu ninacho, lakini wazee hawakiamini mpaka wakuone umeuma. Halafu nanusa. Kahawa iliyolala na maji usiku mmoja zaidi ya inavyotakiwa ina harufu ya uchachu ambayo hakuna kinu kitakachoiondoa. Shikeni hilo la harufu, nitalihitaji mbele.

Pesa ilionekana. Nyumba za nyasi zilipata mabati. Watoto waliokuwa wamesimama masomo kwa deni la ada walirudi, na wale wa darasa la saba walifanya mtihani wao wa taifa mwezi Novemba bila kuitwa ofisini kwa sababu ya karo. Tena mwaka huu ni wa tohara kwa Wagisu, maana imbalu hufanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Ilifunguliwa Mutoto mwezi Agosti, na ngoma za kadodi hazikutuacha tulale vizuri mpaka Desemba. Baba mwenye kijana wa kutahiriwa lazima alishe ukoo mzima na majirani, na pombe ya malwa isikauke chunguni. Miaka mingine watu hukopa kwa ajili ya hilo na kulipa mpaka tohara inayofuata. Mwaka huu nimeona wakulima wakilipia sherehe kwa kahawa yao wenyewe, na mimi ambaye ni Mwislamu, si Mgisu kwa kuzaliwa, nilialikwa nyumba nyingi kuliko nilivyoweza kufika.

Lakini si wote waliopata, na hapa ndipo naumia. Kuna biashara ya kununua kahawa ikiwa bado maua. Mwezi wa nne au wa tano mkulima amebanwa, mtoto amerudishwa nyumbani au mke yuko hospitali, anakuja mtu na laki tatu mkononi na kusema: miti hii yote, mavuno ya mwaka huu ni yangu. Wanaandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya shahidi. Mwezi wa kumi na moja mazao ya miti hiyohiyo yanauzwa mara nne, mara tano ya ile pesa, na mwenye shamba anachuma kama kibarua kwenye miti aliyopanda babake. Nimekataa kununua kwa mtindo huo tangu nianze kazi na nitaendelea kukataa. Ingekuwa amri yangu, chama cha ushirika kingekuwa na mfuko wa kukopesha karo miezi hiyo ya njaa kwa riba ndogo, na huyo wa laki tatu angekosa mteja. Bugisu Cooperative Union iliundwa mwaka 1954 kwa sababu wakulima walikuwa wamechoka na wachuuzi wa namna hiyohiyo.

Wizi nao ulikuja na bei. Watu walilala mashambani wakilinda, na wengine kwa hofu ya kuibiwa walichuma matunda yakiwa bado mabichi. Kahawa ya kijani ikimenywa haitoki vizuri, punje inakuwa nyepesi, na sifa ya arabika ya Bugisu inachafuka kwa wanunuzi wa nje. Ndiyo maana mjadala wa Bunge wa tarehe 6 Novemba ulitugusa, ule uliofikia wabunge kushikana mashati. Waliivunja mamlaka ya kahawa iliyokuwapo tangu mwaka 1991 na kuiweka chini ya Wizara ya Kilimo. Nia iliyotolewa ilikuwa kupunguza gharama. Mimi niliwaona maofisa wa mamlaka hiyo kwa macho yangu wakiwafundisha akina mama kuanika kwenye vichanja badala ya ardhini, na nitakachokipima wizarani ni kama kutakuwa na mtu wa kupanda mlimani kufanya kazi hiyo.

Sasa nije Bulambuli.

Mvua ilinyesha mfululizo siku kadhaa, na usiku wa Jumatano tarehe 27 Novemba mlima uliachia. Masugu na vijiji vya jirani, tarafa ya Buluganya. Siku za mwanzo zilitajwa maiti 15 na watu zaidi ya 100 ambao hawakuonekana. Barabara zilikatika, mashine za kuchimba zilishindwa kufika, vijana walichimba kwa majembe na mikono. Hapa Mbale kila mwenye ndugu huko alishika simu. Mimi nilianza kupiga kwa wateja wangu mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio wa majina kwenye daftari la stoo, na yalikuwamo majina ambayo simu zao hazikuita tena.

Wiki moja na kitu baadaye alikuja mama mmoja mtu mzima, mteja wangu wa muda mrefu. Nyumba yake ilisalimika kwa upana wa bonde moja dogo. Shemeji yake na watoto wa shemeji walifunikwa. Alileta nusu gunia. Kahawa ile ilichumwa siku mbili kabla, ikamenywa, ikaloweshwa ichachuke, halafu ukaja usiku ule na hakuna aliyekumbuka kuiosha wala kuianika. Ilikaa. Niliingiza mkono na kabla sijaufikisha katikati harufu ilikuwa imeshanijibu. Yeye mwenyewe alijua. Aliniambia, "Mwanangu, najua imeharibika, nipe unachoweza, tuna watu wa kuzika." Nilimpa. Kahawa ile iko mpaka leo kwenye kona ya stoo, haiuziki, na sina haraka nayo.

Kabla hajaondoka nilimuuliza lilelile unalouliza wewe, ndugu: mtahama? Akanitazama, akaanza kunihesabia. Shamba ni robo eka, lakini lina kahawa, migomba, maharage chini yake, na ng'ombe mmoja wa kufungwa. Kahawa inalipa karo na hospitali. Migomba inalisha nyumba. Huko tambarare watakapopelekwa, kahawa hiyo haioti.

Hilo ndilo jibu lenyewe, na ningependa watu walielewe kabla ya kusema ukaidi. Arabika inataka baridi ya juu, kuanzia mita 1,300 hivi kupanda, na udongo wa volkano. Elgon ni volkano ya zamani iliyozimika, na udongo wake ni wenye rutuba kuliko sehemu nyingi za nchi. Kwenye miteremko ya Bududa na Bulambuli udongo huo una mfinyanzi mwingi, unaonyonya maji na kuyashika mpaka unakuwa mzito, kisha unateleza juu ya tabaka la chini. Kwa hiyo pale panapolisha ndipo panapoua. Watu wameongezeka, sensa ya mwezi Mei ilituhesabu Waganda milioni 45.9 nchi nzima, na mlimani shamba la babu limegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kwa watoto wao. Kijana aliyekosa kipande cha maana anapanda juu zaidi, anakata mteremko ili apate uwanja wa nyumba, na miti mikubwa iliyokuwa ikishika udongo kwa mizizi inageuka mkaa.

Na msidhani hawajawahi kuhamishwa. Nametsi, Bududa, ilifukiwa tarehe 1 Machi 2010, watu zaidi ya 100 wakafa. Walionusurika walipelekwa Kiryandongo, mbali kabisa, upande wa pili wa Ziwa Kyoga, mahali ambapo mvua, lugha na mazao ni vingine. Wengi walirudi. Tarehe 11 Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi, Bududa hiyohiyo. Serikali ikajenga nyumba Bunambutye, chini huku Bulambuli, na familia zikaanza kuhamia mwaka 2019. Nimefika Bunambutye. Nyumba ni imara, za matofali, na mtu analala bila kusikiliza mlima. Lakini pana joto, ni nchi ya mahindi na mtama, na mtu aliyekuwa na miti mia tatu ya kahawa anaanza kuwa mkulima mpya akiwa na miaka hamsini. Wapo waliobaki, wapo wanaolala Bunambutye na kupanda mlimani kuchuma, na wapo waliomwachia nyumba mtoto mmoja na kurudi juu. Siwalaumu hata mmoja wao.

Agosti tuliona jambo la namna hiyo mjini. Tarehe 10 jalala la Kiteezi, ambako Kampala ilikuwa ikimwaga taka zake tangu mwaka 1996, liliporomoka juu ya nyumba, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Hata huko watu waliulizwa kwa nini walijenga chini ya taka. Walijenga pale kwa sababu kodi ni nafuu na riziki ya wengi wao ilikuwa kuokota chupa na vyuma kutoka jalalani. Baadaye wakuu wa jiji walifukuzwa kazi. Lakini onyo kwamba jalala limejaa lilikuwapo miaka mingi kabla, na aliyelala chini yake hakuwa na pesa ya kulifanyia kazi onyo hilo.

Kuna habari nyingine za mwaka huu ambazo nitazipitia haraka, maana zimesemwa sana. Mlima huuhuu ulitupa Joshua Cheptegei, wa Kapchorwa, aliyechukua dhahabu ya mita 10,000 Paris tarehe 2 Agosti kwa dakika 26 na sekunde 43, rekodi ya Olimpiki. Usiku ule hapa Mbale watu walipiga honi kana kwamba ni harusi. Na mlima huuhuu ulimzika Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa marathoni aliyekuwa naye Paris, aliyemwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Endebess, upande wa Kenya, na kufariki Eldoret tarehe 5 Septemba. Alikuwa amenunua ardhi na kujenga kwa pesa ya miguu yake mwenyewe. Nina mabinti, na habari ile haijanitoka. Novemba Dkt. Kizza Besigye, mwanasiasa mkongwe wa upinzani, alichukuliwa Nairobi na siku nne baadaye akafikishwa mahakama ya kijeshi Kampala. Huku watu wanalizungumza kwa sauti ya chini. Mimi nasema kwa sauti ya kawaida kwamba raia ana haki ya kushtakiwa kwenye mahakama ya raia, awe nampigia kura au simpigii.

Na ninapoandika haya ni wiki ya sikukuu za Desemba 2024. Nauli ya basi kutoka Kampala imepanda kama kila Desemba. Kuku wa kienyeji ameshikwa bei na hashuki. Stendi imejaa vijana wanaorudi na magodoro na mifuko ya mchele, na ukikaa pale unajua nani anakwenda Sironko, nani anakwenda Kapchorwa, kwa lugha anayobishania nauli. Wapo mwaka huu wanaoshuka Mbale na hawaendi mbele, kwa sababu nyumba waliyokuwa wakiirudia haipo. Mmoja, kijana anayefanya kazi ya ujenzi huko Kampala, alilala kwetu siku mbili. Alikuwa amebeba viatu vya shule vya wadogo zake wawili. Mke wa jirani yangu alivichukua, akamtafutia kanisa lililopokea watoto waliohamishwa, wakavipeleka huko pamoja.

Ukiniuliza ningetaka nini kifanyike, sitataka watu waondolewe kwa bunduki wala waachwe. Kwanza, watenganishe mahali pa kulala na mahali pa kulima. Wakulima wengi wako tayari kushuka usiku wakati wa mvua, ikiwa kuna mahali pa kulala karibu na mtu wa kulinda kahawa isiibiwe. Wengine wanafanya hivyo tayari kwa kupanga chumba kwenye vituo vya biashara vya chini, kwa pesa yao. Kijiji kidogo cha matofali kwa mwendo wa saa moja kutoka shambani kingefaa kuliko nyumba nzuri iliyo umbali wa siku nzima. Pili, nyufa. Kabla mlima haujaachia, ardhi huwa imepasuka, na wenyeji wanazijua nyufa hizo, wanazionyeshana wakienda kuchota maji. Mwenyekiti wa kijiji apewe mamlaka ya kuwahamisha watu kwa ufa, asisubiri barua ya wilaya. Tatu, bei hii ya kahawa itumike kurudisha miti. Kahawa inapenda kivuli, na mti wa kivuli wenye mizizi mirefu unashika udongo kuliko mgomba. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliahirisha kwa mwaka mmoja ile sheria yake inayotaka kahawa isiyotokana na kukata misitu, na wengi walipumua. Mimi ningeutumia mwaka huo kupanda.

Januari na Februari mlima ni mkavu. Mvua kubwa zinarudi Machi, mwezi ule ule wa Nametsi, kwa hiyo muda wa kufanya lolote ni hii miezi miwili.

Ndugu wa Mwanza, nina swali kwako pia. Kwenu Tanzania, huko Hanang, pale Katesh, mlima ulishusha tope na mawe Desemba 2023, na serikali yenu ikawajengea waathirika nyumba mpya. Mwaka mmoja umepita. Je, watu wale wamebaki kwenye nyumba hizo? Mashamba yao wanayafikiaje? Kama unamjua mtu wa huko, au umefika mwenyewe, tuandikie hapa kwa kirefu. Mwenyekiti wa kijiji kimoja huku Buluganya husoma haya kwenye simu yangu akija stoo, na ameniomba nikuulize.